Laini Isiyopiga

Sisimizi hakupanda lifti. Kaka yake, aliyembandika jina hilo kwa vile tangu utotoni alikuwa akiokota tarakimu kama mdudu aokotavyo chembe za sukari, alikuwa fundi wa lifti, na lifti ndiyo iliyommeza. Kwa hiyo siku ya usaili alizipanda ngazi zote za jengo la kampuni ya simu, refu hata njiwa hupumzika katikati, akafika juu anahema, viatu mkononi.

Mlangoni alipishana na jamaa wa tai, aliyekuwa anatoka usailini.

"Vipi kaka, wanauma?"

"Wanatabasamu, dada yangu. Afadhali wangeuma."

Wote walikuwa wamepewa kazi ileile wakaifanyie nyumbani: takwimu za laini za wateja, majina na namba zimefichwa. Watunge kanuni ya kuiwezesha kompyuta kutambua laini zilizokufa, ili zikatwe, namba zake wapewe wateja wapya. Ya Sisimizi ilikuwa fupi: laini isiyopiga imekufa. Simu zinazoingia hakuzitazama kabisa.

Ndani walikaa mama wa miwani, ndiye mkuu wa kitengo, na bwana mmoja mpole wa sauti. Mama wa miwani akaimulika ukutani laini ya kwanza ambayo kanuni imeihukumu.

"Tueleze hii, mwanangu."

Ilikuwa imenyamaza ghafla, siku moja, katikati ya mchana. Tangu hapo kila jioni mtu mmoja huipigia, kwa muda wa salamu tu. Pengo likatokea, kama wiki mbili, kisha simu za jioni zikarudi.

Sisimizi aliijua siku ile: ndiyo lifti ilipommeza kaka yake. Na pengo lile, mama yake alikuwa amelazwa, mguu umevunjika.

Mama yake, kila jioni akishafuta vyombo, humpigia marehemu. Simu yenyewe imezimwa, imo kabatini, lakini sauti aliyoirekodi ingali inajibu: "Niko juu, siwezi kupokea. Nikishuka nitakupigia."

"Mama, mwache apumzike," Sisimizi aliwahi kumwambia.

"Alinipigia siku ile, mikono yangu imejaa sabuni, sikupokea. Simu ya mtu hurudishwa, mwanangu."

"Hai au imekufa?" mama wa miwani akauliza.

Sisimizi alikuwa amezunguka ofisi nyingi mpaka soli zimelika, na kila ofisi ilimrudisha na chupa ya maji na neno "tutakujulisha".

"Imekufa," akasema.

"Na huyu anayeipigia?"

"Ni kelele tu kwenye takwimu. Tunazisafisha."

"Kazi nzuri," bwana mpole akasema, na moyo wa Sisimizi ukashuka ngazi zote bila yeye.

Akapata kazi. Kanuni yake nayo ikawekwa kazini. Kila asubuhi alipanda ngazi akijiapiza kumwambia mama wa miwani waiache ile moja, na kila asubuhi ulimi ulijificha mvunguni. Ataonekana hajui anachokifanya. Basi kesho. Kesho nayo ina kesho yake.

Jioni moja nyumbani, mama yake alifuta mikono, akapiga. Sisimizi alikuwa ameshika sahani, akingojea yale maneno aliyoyajua kwa moyo. Hayakuja. Mama alitega sikio, kisha uso ukamchanua.

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Umekula?"

Akasikiliza, akiitikia kwa kichwa taratibu.

"Amepokea," alimnong'oneza bintiye, kiganja kimefunika simu. "Sauti imekuwa nzito, lakini ameshuka."

"Mama, nipe hiyo simu."

"Si ndiyo nakupa, umsalimie kaka yako."

Sahani ilikuwa ikimchuruzikia maji kiwikoni. Ndani ya simu iliyonyooshwa kuelekea kwake, mtu alikuwa anangoja kwa adabu.

"Haloo?" akasema mtu yule. "Mama, bado upo?"