Mgawa Diski wa Nchiru

Jamaa wa chumba cha mwisho katika hosteli ya chuo hapa Nchiru anatengeneza programu ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, na ukurasa wa kugawa diski, pale mafaili yanapokaa, ndio fahari yake. Kiende, jirani yake, kila akipita humkuta ameongeza chaguo lingine, anakwaruza vindevu vyake na kujisifu kwa sauti ya mhubiri wa krusedi. Diski huigawa kwa rangi kama mzee anayewagawia wanawe shamba bila kuuliza nani ameshajenga pale. Kitufe cha kufuta kila kitu amekipaka kijani, eti kinavutia.

Leo anataka kuijaribu programu hiyo kwenye laptopu ya Kiende, yenye utafiti wake wote wa diploma, na Kiende hana nakala nyingine.

"Nikibonyeza hapa, kazi yangu itabaki?"

"Wee Kiende, unaogopa nini na mimi ndiye nimeitengeneza?"

"Sawa basi, msee. Tuanze na yako."

Vidole vya jamaa, ambavyo huwa havitulii, vikatulia. Akaifunga laptopu yake polepole, akaikumbatia kifuani.

"Yangu," akasema, "iko na vitu za maana."