Siku Tulipovika Paa la Jipu la Mkunga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, nilikuwa nimelala chali ndani ya gari la watu, aina ya jipu, uso ukitazama paa, brashi ya gundi mkononi, na moyo ukinienda mbio hadi nikaogopa wenzangu wangeusikia. Kazi yangu ilikuwa kushona viti vya magari na kuvika mapaa yake kwa ndani. Karakana ilikuwa Mangobo, Kisangani, nyuma ya soko, na mwenye karakana alikuwa Papa Asumani, Mungu amrehemu, mzee mpole wa maneno na mkali wa macho. Mshono ukipinda, aliuona hata akiwa anakunywa chai yake ng'ambo ya barabara.

Jipu lilikuwa la Mama Veronika. Alikuwa mkunga, mtoto wa wavuvi wa kule maporomokoni, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, naye alikuwa akiliendesha mwenyewe kwenye barabara ya Banalia kuwatembelea wajawazito wa vijijini. Paa lake lilikuwa lile gumu la plastiki nzito linalofungwa kwa boliti, tupu kabisa kwa ndani. Mvua ikinyesha, na mvua ya Kisangani unaijua, haibembelezi, ndani ya gari hamkusikilizana. Hata kukiwa kukavu, kila jiwe na kila shimo lilifanya paa lile lingurume kutoka mbele mpaka nyuma.

Mimi nilidhani mama anatafuta starehe, nikamtania. Nikamuuliza kama tumwekee na mapazia, sebule ikamilike. Alicheka sana. Kisha akatoa mkobani kile kidude cha mti, mfano wa tarumbeta ndogo, ambacho wakunga hukiweka tumboni wakasikiliza moyo wa mtoto.

"Mutoto yangu, mi nasikilizaka na hii," alisema. "Nikifika kule, masikio inalia wiii, saa nzima. Mama wa watu analala pale, ananiangalia macho. Mi sisikii kitu. Sasa nimuambie nini?"

Utani ukaniishia pale pale. Tukapanga kazi: kwanza mabamba mazito ya lami, ambayo hubandikwa kwenye paa na kukandamizwa ili lisitetemeke; juu yake sponji ya kumeza sauti; mwisho kitambaa. Aliliacha jipu asubuhi, akataka kuondoka nalo kesho yake alfajiri.

Kabla ya adhuhuri akaja muuza makaa, yule aliyekuwa akishuka na baiskeli yake kutoka vijiji vya njia ya Banalia. Simu hazikufika kule. Aliniita pembeni, akaniambia salamu za mama mkwe wangu: mtoto hachezi tena kama zamani, na Zaina analala tu.

Zaina ni mke wangu. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, kubwa tayari, na alikuwa amekwenda kwa mama yake kama ilivyo desturi. Lakini pale karakanani hakuna aliyejua. Kwetu, sisi wajukuu wa wale wafanyabiashara waliotoka mashariki zamani, mimba haitajwi mbele ya watu baki. Bibi yangu alinilea hivyo. Macho ya watu yana shari, alikuwa akisema, na midomo yao zaidi. Mtoto atatajwa siku atakapotolewa nje, avikwe kofia watu wamwone. Kwa hiyo nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba Zaina amekwenda kuvuna mpunga. Nilipopewa habari ile na muuza makaa, nikamshukuru, nikarudi ndani ya jipu, nikalala chali tena. Papa Asumani aliponiuliza yule alitaka nini, nikasema alitaka kujua bei ya kiti.

Mwanangu, sijui kama umewahi kufanya kazi huku umebeba jambo la namna hiyo. Mikono inakwenda, wewe haupo. Nilikuwa nimejipangia hesabu yangu ya kijinga: nikimaliza haraka, mama ataondoka mapema, akiondoka mapema, atafika kwa Zaina. Nikakimbiza kazi. Na gundi yetu haikimbizwi, hasa kwenye mji wenye unyevu kama wetu. Unaipaka pande zote mbili, kwenye paa na kwenye sponji, kisha unakaa chini unasubiri mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isikushike. Ndipo unabandika. Ukiibandika ingali maji, itashika leo na kesho jua likipiga itaachia.

Kipande cha mbele nilikifanya vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekianza kabla ya ile habari. Cha nyuma nilikibandika kibichi.

Mchana Mama Veronika alikuja kutazama. Papa Asumani alikuwa na kawaida yake: haachii paa mpaka mwenye gari akae ndani, naye azunguke nje akiligonga kwa vifundo vya vidole, mkaaji aseme anasikia nini. Mama akakaa. Mzee akagonga mbele. Mama akasema safi. Akagonga nyuma.

"Huku bado inalia," mama akasema.

Mimi, nimechutama nyuma ya kiti chake, nikadakia, "Mama, iko bien hivyo. Endaka tu. Ukitoka sasa, njia itakuwa muzuri."

Papa Asumani akaingia nyuma ya jipu, akapenyeza kidole kwenye pembe ya sponji, akavuta. Yote ikamfuata mkononi, gundi ikining'inia.

"Ramazani, shuka." Sauti yake haikupanda. "Colle bado maji. Kesho jua ikipiga, hii kitu itaanguka ku kichwa ya Mama, eko na volani mu mukono. Unataka kumuua?"

Nikashuka. Nikasimama pale natazama mkasi.

"Bon. Tangu asubuhi uko sawa mutu anafukuzwa. Na leo unamufukuza client, kitu hujafanyaka hata siku moja. Iko nini?"

"Haiko kitu, Papa."

"Mukono inaogopa, naiona. Mi siogopi mukono inaogopa. Naogopa mutu anaificha, juu mi nampa kazi, sijue eko wapi."

Nilimkumbuka bibi yangu. Nilimwona kabisa, kidole mdomoni, akinionya. Nilikuwa na hofu mbili, mwanangu, na sikujua ipi kubwa: kwamba mtoto anakufa, au kwamba nikimtaja ndipo atakufa. Usinicheke. Kitu ulichofundishwa ukiwa mdogo hakikuachi kwa sababu umefuga ndevu. Nikafungua mdomo, na maneno yakatoka pamoja na machozi, mbele ya fundi wangu na mbele ya mteja: Zaina hayupo kwenye mpunga, ana mimba, mtoto hachezi.

Mama Veronika hakunipa pole. Alianza kuniuliza maswali.

"Miezi ngapi? Miguu imevimba? Kichwa inamuuma?"

"Sijue, Mama."

"Iko kijiji gani?"

Nikamtajia. Akashika kichwa.

"Ile kijiji mi naiwekaka mwisho kabisa. Naanzia ku vile vya karibu. Ningefika kule wiki inaisha. Na wewe uko unanifukuza niende!" Akatafuta funguo zake. "Tunaenda sasa hivi."

Paa lilikuwa nusu. Mbele limevikwa, nyuma liko wazi na limepakwa gundi. Papa Asumani hakusema kazi haijaisha. Alichukua sponji ile niliyoiharibu, akaitoboa juu, akaifunga kwa waya nyuma ya viti vya mbele, ikaning'inia kutoka juu mpaka chini kama pazia. Kelele ya nyuma ibaki nyuma, alisema. Kisha akaniweka mimi huko nyuma niishike pembe zake isipepee, akanishika bega, akaligonga paa kwa vifundo vyake, tukaondoka.

Tulipovuka daraja la Tshopo mvua ilikuwa imeanza. Mbele, mama alikuwa ametulia na usukani wake. Nyuma nilikuwa mimi, chini ya plastiki tupu, na mvua ilinipigia kichwani mpaka meno yakaniuma. Ndipo nikajua masikio ya mama yule yalikuwa yakivumilia nini. Sponji nilikuwa nimeikamata kwa mikono na magoti, nikiona kila sauti inayopita upande wa pili ni moyo wa mwanangu unaomezwa. Kila tope lililotukwamisha nililitukana. Niliogopa kufika na niliogopa kuchelewa.

Tulifika jioni, mvua imekatika. Zaina alikuwa mkekani, uso umevimba, akanitazama kwa aibu, kwamba nimekuja na mgeni. Jirani alikuwa akitwanga ndizi za kupika lituma, kinu kikisikika mpaka ndani. Mama Veronika akamtuma mtu akamwombe aache. Akapiga magoti, akaweka kidude chake tumboni, akalaza sikio, akafumba macho.

Alisikiliza. Akahamisha. Akasikiliza tena. Mama mkwe wangu alikuwa ameshika kanga yake kwa meno. Mimi nilikuwa namtazama mkunga usoni, na uso ule haukuniambia kitu. Akahamisha tena, chini zaidi, upande wa kushoto, akakaa hapo muda mrefu mpaka nikaanza kusoma dua ya maiti moyoni, Mungu anisamehe.

"Iko," alisema. "Mudogo sana, lakini iko. Anachoka. Musibebe hata nguo, tunashuka Kisangani."

Tukamlaza Zaina nyuma juu ya godoro, mama yake pembeni. Njiani injini ikachemka, tukasimama kwenye nyumba moja karibu na kijito. Akatoka kijana wa umri wangu, mwenye adabu, akatuletea maji kwa bidoni, dumu la plastiki, akanisaidia kujaza. Alikuwa akitazama mkoba wa Mama Veronika.

"Mama iko docteur?" akauliza.

"Mukunga."

"Ah," akasema. Alisimama kidogo, bidoni mkononi, akatazama mlango wa nyumba yake, akatazama jipu. "Bon. Mwende muzuri."

Tukamshukuru, tukaondoka.

Zaina alipasuliwa usiku ule ule hospitalini. Mtoto alitoka bila sauti, wakamshughulikia, na baadaye akalia, kilio kidogo cha paka. Ni msichana. Leo ana maneno mengi kuliko mama yake na mimi tukijumlishwa, na hilo ni tatizo jingine.

Mama Veronika alilirudisha jipu tumalizie paa. Safari hii niliisubiri gundi ikauke mpaka Papa Asumani mwenyewe akachoka kunisubiri. Mama alikaa ndani, mzee akazunguka akigonga, mama akasema safi, safi. Kisha hakushuka. Aliniita.

"Unakumbuka ule kijana wa bidoni?"

Nikasema namkumbuka.

"Saa ile anatupa maji, muke yake alikuwa ndani ya nyumba na uchungu. Uchungu ya siku ya pili. Mi nimepita pale juzi, nimekuta wamemuzika, na mutoto." Akafuta uso kwa kiganja. "Nafasi ilikuwa. Ningemulaza karibu na Zaina."

"Sasa juu ya nini hakusema?"

"Nilimuuliza. Aliniambia: Mama, kwetu hatusemaka mambo ya mimba ku watu wa njia."

Papa Asumani aliweka mkasi chini, akatoka nje. Mimi nilibaki nimeshika mlango wa jipu. Kijana yule alikuwa amesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Alifundishwa nilichofundishwa mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na mzee aliyeniambia shuka, na yeye hakuwa naye.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikwambii umdharau bibi yako, wala sikwambii umwage mambo ya nyumba yako sokoni. Bibi yangu alikuwa na sababu zake; midomo mibaya ipo, nimeiona. Ninachokuambia ni hiki: hofu yako usiinyime mtu mmoja wa kuisikia. Tafuta yule anayeweza kufanya jambo, mkunga, fundi wako, jirani mwenye baiskeli, umwambie wazi, kwa maneno, hata kama sauti inakukatika. Hatakisia. Watu wengi wema wanatupita kila siku wakidhani tuko salama, kwa sababu tumewaambia tuko salama.

Na ukimwona mwenzako kazi yake imeharibika ghafla, au amesimama mlangoni anatazama kitu chako bila kuomba, usiridhike na jibu la kwanza. Muulize tena. Mkasirishe ikibidi. Mimi nimeishi miaka mingi, na bado nikipita njia ile namtafuta kijana yule nimuulize lile swali moja ambalo hatukumuuliza siku ile: ndani kuna nani?

Mungu akulinde, mwanangu. Awalinde wanaokubebea watoto na watoto wanaobebwa. Akupe kazi ya mikono isiyokuaibisha. Na siku hofu itakapokushika koo, kwa maana itakushika, akukutanishe na wa kumwambia, na akupe sauti ya kusema kabla gari halijaondoka.