Jiwe Juu ya Kombe

Pweza ninayemchora kwa ajili ya kitabu cha watoto anacheka sana, na mimi simwamini. Nachukua kipande cha makaa nimrekebishe mdomo, na harufu yake inanirudisha jikoni kwa susu, nyanya yangu, kule Matinyani.

Mjomba alikuwa ametuletea kombe kubwa la konokono wa bahari kutoka Mombasa. Susu alikataa liingie nyumbani. Vitu vya bahari, alisema, huja na wenyewe. Akalifunika kwa sufuria kuukuu kando ya banda la kuku, akaweka jiwe juu.

"Kwani ndani kuna nani, susu?"

"Wewe si ndiye wa kuchorachora? Nionyeshe."

Nikaokota makaa, nikachora ukutani macho mawili, miguu mingi na kofia ya kanisani.

"Anakula nini?"

"Muthokoi, kama sisi."

"Na miguu yote hiyo, anataka kwenda wapi?"

Nikafuta mingine kwa kiganja, kisha nikamchorea tabasamu ili asimtishe susu. Susu aliinama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Sasa huyu anacheka nini?"

Akatoka nje, akaongeza jiwe la pili.