Asiya na Meno ya Watoto wa Jabe

Kwa miaka kumi na miwili, kazi ya Asiya katika kliniki moja ya meno mjini Bujumbura ilikuwa kushika vichwa. Daktari Révérien aling'oa, yeye akashika. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, Mwislamu mzaliwa wa mji, na watoto waliopitia mikononi mwake walianza kulia wakimwona tu barabarani.

Mwaka 1996 nchi ikawekewa vikwazo vya biashara na dawa ya ganzi ikaadimika. Ndipo alipoletwa Chanelle, msichana wa miaka saba ambaye familia yake ilikimbia mapigano ya mtaa wa Kinama ikapokewa na ndugu katika mtaa wa Jabe. Shavu lilikuwa limevimba hata jicho halifunguki. Magego mawili yaling'olewa bila ganzi. Asiya alikibana kile kichwa kifuani mpaka mwisho. Mtoto alipotoka, gauni la Asiya lilikuwa limelowa machozi, na mengine yalikuwa yake mwenyewe.

"Dogiteri," alisema huku akiosha koleo, "haya meno yalioza pole pole. Hakuna mutu alimufundisha huyu mutoto kuyasafisha."

"Ni kweli, Mama Asiya. Lakini sisi kazi yetu ni kung'oa."

"Kung'oa ni kazi yako. Mi nimechoka kushika."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, alipita shuleni kwa Chanelle. Mkuu wa shule, Gélase, alimsikiliza kwa uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Mama, risasi zinalia milimani, watoto wengine hawajui wazazi wako wapi. Na we unaniletea habari ya meno?"

"Direkteri, wanaopigana mi siwezi kuwatenganisha. Meno ya hawa watoto ninayaweza. Unipe robo saa tu kila asubuhi."

Akapewa. Siku ya kwanza nusu ya darasa walijificha chooni. Chanelle ndiye aliyesogea mbele, akafunua mdomo, akawaonyesha wenzake mapengo.

"Mi sitaki kung'olewa ingine," alisema. Mmoja mmoja, wakaja.

Dawa ya meno ilikuwa anasa, kwa hiyo Asiya hakuitaja kabisa. Alileta vijiti vya mpera, akawafundisha kutafuna ncha mpaka ilainike kama brashi, kisha kusugua nje, ndani na juu ya magego, taratibu, bila kuumiza ufizi. Walisukutua kwa maji ya chumvi. Kina mama nao aliwafuata majumbani kuwaomba wasiwaache watoto walale na pipi mdomoni.

Siku ambazo barabara zilifungwa, alikaa nyumbani akiwaza nani amesugua na nani amesahau. Njia ikifunguka tu, yumo shuleni.

Baada ya miaka mitatu, Daktari Révérien alikuja shuleni kuwapima. Asiya alisimama nyuma ya kiti, mikono tayari kwa mazoea, lakini hapakuwa na kichwa cha kushika. Watoto walikaa wenyewe, wakafunua midomo kwa majivuno. Kati ya hamsini na wawili, wanne tu walikuwa na matundu, na wawili wao walikuwa wamehamia juzi. Daktari aliwarudia wengine kwa tochi kana kwamba haamini macho yake.

"Mama Asiya, mi nilisoma Ulaya miaka sita. Haya umeyafanya na kijiti?"

"Na kijiti, Dogiteri. Na huu mudomo wangu."

Daktari akacheka, akamshika mkono mbele ya darasa zima. "Basi Jumatatu usije kliniki. Uende shule za Kinama, uwafundishe walimu. Vichwa nitajishikia."

Asiya hakuwa mtu wa kujisifu. Lakini siku ile, akirudi kupitia soko la Jabe, alimsimamisha Mwanvua muuza nyanya akamsimulia yote. Akamsimamisha Hamimu, fundi wa baiskeli, akaanza upya. Alipofika kwake sauti ilikuwa imekauka, na mumewe alikuwa bado hajasikia hata neno.

"Atumani!" aliita kabla hajavua viatu. "Acha unachofanya, ukae chini."