Mawifi Wameyakataa Magauni, Sasa Binti Yangu Hataki Tena Kushona

Admin, jina langu lifiche, lakini sifa za mwanangu ziache kama nilivyoziandika. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mkulima wa mahindi huku Kwedizinga, Handeni. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo atakayekuta nimekosea herufi anyamaze, asome kilichoniuma.

Nina binti wa miaka ishirini na mbili, fundi cherehani. Siyo fundi wa kupunguza suruali, jamani. Alijifunzia Korogwe mjini, na ukiingia tu mlangoni kwake keshajua bega lako lipi limeshuka. Tepu anaishika kwa heshima tu. Kama wilaya hii yuko mwingine wa namna hiyo nitajieni, nitamfuata kwa miguu nimwone.

Sasa, wifi yangu mkubwa anaishi Magoma, na kijana wake alioa binti wa Vugiri. Sisi wanawake wa upande wa bwana harusi tukachukua kitenge cha aina moja, cha rangi ya machungwa, kazi akapewa mwanangu. Wifi akaagiza mshono mmoja kwa wote: shingo duara, mikono ya puto, marinda kiunoni. Mnaujua. Ule wa kila harusi, unaomfanya mtu mzima aonekane gunia lililofungwa katikati.

Mwanangu aliwapima wote. Kisha akamshonea kila mmoja gauni lake. Kitenge kilekile, lasi ileile shingoni, ila mshono ukafuata mwili. Shangazi yake mmoja mabega yanamsumbua, hawezi kuinua mikono, akamwekea vifungo mbele avae bila kusaidiwa. Mwingine mgongo umepinda, akamwongezea urefu nyuma ili upindo ukae sawa. Na wifi mwenyewe, ambaye tumbo hutangulia yeye akafuata, akamwondolea yale marinda, akamkatia vipande virefu kutoka begani mpaka chini. Mungu ni shahidi, siku hiyo wifi alikuwa na kiuno. Mimi nimeolewa ukoo ule miaka mingi, nilikuwa sijawahi kukiona.

Walijaribu pale pale kwake Magoma. Wakajigeuza mbele ya kioo, wakajigusa na kugusana, nami nikawa nimeshajiandaa kwa kigelegele. Wifi akasimama katikati ya chumba akawatazama wote, mmoja mmoja. Akalivua gauni, akalitupa mkekani, akamgeukia mwanangu.

"Sare inatuficha sote," akamwambia. "Wewe umetutangaza. Huyu kibiongo, yule bega, mimi tumbo. Nani alikuomba?"

Basi na wale wengine, waliokuwa wanajichekea kiooni muda si mrefu, wakavua nao. Hakuna hata mmoja aliyebaki na lake. Mbuzi wangu wa pale nyumbani wana msimamo kuliko hao. Na harusini mnajua walivaa nini? Khanga za kabatini, kila mmoja na rangi yake. Watu waliogopa kutofautiana, wakatokea kama kamba ya kuanikia nguo.

Mimi nilivaa langu. Nilikaa mbele, peke yangu na rangi ya machungwa, shingo juu. Mama mdogo wa bibi harusi, mtu wa Vugiri ambaye hanijui simjui, akaja akashika mkono wa gauni langu, akautazama mshono wa ndani, akauliza fundi ni nani. Wanaojua nguo hutazama ndani. Nilirudi nyumbani mbio kumpa mwanangu habari hiyo.

Hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameshaifunika cherehani kwa shuka. Akaniambia, "Mama, wewe unanisifu tangu nimeanza kutembea. Hata yule mama labda ulimwomba wewe anisifu."

Nikamwambia shangazi yako ana wivu na macho yake hayaoni. Akatikisa kichwa.

"Shangazi ana haki, mama. Yeye aliomba kufanana. Mimi sijui kama nilishona kwa ajili yao au kwa ajili yangu ili nionekane. Labda mimi si fundi, ni msumbufu tu mwenye mkasi."

Jamani, wale mawifi nawadharau kutoka moyoni, lakini swali lile silo la mawifi. Ni lake, na jibu lake sina.

Sasa amepata kazi Korogwe, mahali wanaposhona sare za shule. Amepangiwa kola. Asubuhi kola, jioni kola, kesho yake kola. Anaanza Jumatatu. Wifi kasikia, akanitumia salamu kwamba ni jambo jema, huko atajifunza kushona anachoambiwa. Aliyetupa gauni la maana mkekani leo ni mwalimu wa adabu. Mwanangu anasema kola hazimwulizi mtu yeye ni nani, anataka kupumzika. Nikitazama ile mikono yake inakunja nguo zake kwenye begi, nalia kimya kimya jikoni.

Nimemtumia admin picha za magauni yote, yametundikwa ukutani, na langu nikiwa nimelivaa, uso umefichwa. Yatazameni. Mafundi mliomo humu, mtakaoona kasoro semeni, na wenye miili kama ya mawifi zangu semeni pia mngejisikiaje kuvaa. Nimwache apande gari Jumatatu akashone kola za watu, au nimzuie mlangoni? Msinipe pole mimi. Simu nitampa mwanangu mwenyewe asome yote, hata ya kumwumiza, na mimi nitakaa pembeni nisijibu mtu.