Mama Sare na Mlango wa Faiba

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Sare, kwa kuwa kwa miaka thelathini na minane ni watoto wachache mno waliokwenda shule pale bila kupimwa kiuno na utepe wake. Mumewe walimwita Randa. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, ambaye akikuta meza inayotikisika nyumbani kwa watu, chai haimshuki mpaka aiinamie na kuitia kabari. Walijaaliwa watoto wawili: wa kiume, aliyefanya kazi mji wa mbali, na wa kike, muuguzi, aliyeolewa mtaa wa pili.

Maradhi ya Randa yalianza kwa majina. Kwanza yalimpotea majina ya majirani, watu wakacheka, wakasema mzee anajitia hamnazo. Kisha yakaenda majina ya vifaa. Alimwomba mkewe amletee "kile cha kukatia" na huku msumeno ameushika mkononi. Siku msumeno huo ulipokutwa umelazwa kitandani na kufunikwa shuka, hakuna aliyecheka tena. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: akili ya mzee inaondoka kidogo kidogo, na dawa ya kuirudisha hakuna.

Mwaka huohuo mlango wa mbele nao ukawashinda. Ulikuwa wa mbao, mzito, Randa aliuchonga mwenyewe mwezi waliohamia. Mchwa walianza na fremu, mvua ikamalizia ubao wa chini. Asubuhi moja binti alikuja na vikapu mikono yote miwili, akausukuma kwa mguu, na mguu ukatokea ndani. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, anaita, "Mama, nitoe!" Mama Sare alicheka hadi machozi. Kisha akakaa kwenye kochi, na machozi yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha.

Mwanawe wa kiume akaja kwa shauri hilo. Hata viatu hakuvua.

"Baba ameshatoka peke yake mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili unazozijua. Mama, weka chuma. Mlango wa chuma, makomeo mawili, kufuli juu. Basi."

"Baba yako si ng'ombe nimfungie zizini. Na wateja wangu watapita wapi?"

"Sijasema ng'ombe. Nimesema nataka nikija nimkute."

"Ukija," mama akasema.

Neno hilo lilimwingia kijana, maana alikuwa na miezi minane hajakanyaga pale. Akainama kufungua kamba za viatu.

Kesho yake wakaenda wote watatu, mama, mwana na Randa, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alikuwa mama mchangamfu, hodari wa bidhaa zake. Aliwasimamisha mbele ya milango miwili. "Huu wa chuma huvunji kwa teke," alisema. "Ila ukigongwa unabonyea, rangi ikichubuka kutu inaingia, na jua likiupiga unawaka. Huu wa faiba ni nyuzi za kioo zimegandishwa kwa gundi, ndani umejazwa povu gumu. Mchwa hauli, mvua haiuozeshi, jua haulijui, na mtoto anaufungua kwa kidole. Lakini ukipigwa nyundo hasa, unapasuka, na ufa wake si wa kuziba nyumbani."

Randa alisogea, akagonga wa chuma kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. "Huu wa jela." Akagonga wa faiba. "Na huu beseni." Akamgeukia mkewe, macho yake maangavu. "Sasa mke wangu, unataka tufungwe au tufuliwe?"

Muuzaji alishika mbavu. Hata kijana, aliyekuja amekunja uso, alicheka. Na kwa muda wa nusu saa Randa akawa Randa. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akahesabu bawaba, akauliza fremu itashikwa na skrubu za urefu gani, akamwambia muuzaji kwamba bawaba ya chini imekaa upande. Wakapima kwa rula. Kweli, ilikuwa upande. Mama Sare alimtazama kama mtu anayemwona msafiri aliyekwisha kumkatia tamaa akiingia uani na mzigo wake. Hakuthubutu kusema kitu, asije akamtisha akaondoka tena.

Wakatoka nje, ambako milango mingine ya chuma ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye jua la saa nane. Randa akaweka kiganja chote juu ya mmoja, kama alivyozoea kuweka kwenye mbao kabla ya kuzikata. Uso ulimkunjamana, lakini mkono haukutoka. Ulibaki palepale, kana kwamba habari ya moto ilikuwa haijaufikia. Mama Sare aliuvuta kwa nguvu zake zote. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Nani ameniunguza?" Randa aliuliza, na macho yalikuwa yamekwisha kuondoka.

Nyumba yao ilitazama magharibi. Jua liliupiga mlango tangu adhuhuri hadi machweo. Mama Sare alirudi ndani ya duka. "Nipeni wa faiba."

"Mama," kijana akasema, "mlango ule hata kuku ataufungua."

"Na afungue."

Kijana aliondoka jioni ileile, hakungoja hata mlango ufungwe mahali pake.

Mafundi walikuja siku ya tatu. Waliung'oa mlango wa zamani wakaubeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakapita nao polepole mbele ya Randa aliyekuwa amekaa uani. Akainuka, akavua kofia.

"Nani amefariki?"

Mafundi wakatazamana. "Ni mlango, mzee," mmoja akasema.

"Poleni sana," Randa akajibu, na hakuivaa kofia mpaka walipopotea nyuma ya nyumba.

Tangu siku ile hakuijua nyumba yake. Mkewe alipomtoa nje kupunga hewa asubuhi, hakurudi ndani kama zamani. Alisimama mbele ya mlango ule mweupe, laini kama sahani, akapiga hodi.

"Ingia, mume wangu, ni kwako."

"Hodi wenyewe!"

Akibembelezwa, alikasirika, akivutwa mkono, alipiga kelele majirani wakachungulia. Siku ya nne Mama Sare alichoka, akajibu kutoka kwenye cherehani: "Karibu! Karibu ndani!" Randa akafuta viatu vyake akaingia. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini, akasifu nyumba, akauliza kama wenyewe hawajambo. Alipoletewa chai alisema, "Mama, una mkono mzuri. Mwenye nyumba ana bahati."

"Ndiyo, anayo," Mama Sare alisema, akageuka kutafuta uzi ambao haukupotea.

Ikawa ndiyo maisha yao. Kila asubuhi mgeni alipokewa, na kila alasiri mgeni aliaga: "Basi mama, naomba ruhusa. Mke wangu ananisubiri." Mama Sare alijifunza kumchelewesha. Mara chai inachemka, mara mvua inakuja, mara mwenye nyumba yuko njiani anataka kumsalimia. Randa, mtu wa adabu, hakuweza kuondoka bila ruhusa. Alikaa tena. Mlango haukufungwa kwa ufunguo mchana, kwa sababu wateja waliingia na kutoka, lakini hakuna kufuli iliyomshika mzee yule kama heshima yake.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Sketi sitini na mbili zilikuwa zimekatwa, hazijashonwa, na wazazi walipokezana mlangoni kuulizia. Mama Sare alikuwa na siku tatu hajalala usingizi wa maana. Alasiri moja, sindano ikakatika katikati ya mkunjo, na huku anahangaika kuitoa akasikia nyuma yake:

"Basi mama, naomba ruhusa."

"Haya," alisema bila kuinua kichwa. "Karibu tena."

"Asante. Nisalimie mwenye nyumba."

Alibadilisha sindano, akashona sketi mbili nzima. Mlango ulikuwa umefunguka na kujifunga bila hata kunong'ona. Alipoinua kichwa aone kwa nini nyumba imetulia hivyo, kiti kilikuwa kitupu.

Walimtafuta mtaa mzima, binti mbele, akilia na kuita, majirani wakigawana njia. Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Alionekana kesho yake saa tatu, kwenye ukuta wa nyuma wa karakana ya mbao iliyofungwa miaka mingi, alikofanya kazi ujanani. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, viatu amevivua na kuvipanga pembeni. Alikuwa amekwisha kupoa.

Mazishini kijana hakumlaumu mama yake mbele za watu. Alingoja mpaka viti vya kuazima vilipokwisha kurudishwa. Ndipo akasema, "Nilisema chuma." Akaondoka, na kwa mwaka mzima hakupiga simu. Salamu zake zilipitia kwa dada yake.

Mwaka ulipogeuka alitokea bila taarifa, na gari dogo la mizigo, mlango wa chuma umefungwa kamba nyuma.

"Sasa unaishi peke yako," alisema. "Sitaki kusikia habari nyingine."

Mama Sare alimkalisha. Jambo hili hakuwa amemwambia mtu, hata binti yake aliyemwosha miguu siku zile za msiba alipokuwa hawezi kusimama.

"Mwanangu, si mlango. Baba yako aliniaga. Kila siku aliniaga, nikamzuia. Siku ile nilikuwa na kazi. Nikamwambia karibu tena." Akakunja mikono mapajani. "Hata kumtazama sikumtazama."

 Kijana akaitazama sakafu, akasema, "Mimi alikuwa ananipigia simu. Ananiita jina la marehemu baba mdogo. Nikaona siwezi. Nikawa nikiona namba yake naiacha iite mpaka ikate."

Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo. Mama alikwenda jikoni kupasha chakula. Kijana alikula, akaomba aongezewe, akalala chumba cha nje. Asubuhi walikaza kamba pamoja, yeye upande huu na mama upande ule, mlango wa chuma ukarudi ulikotoka.

"Nitakuja Jumamosi," alisema akiwa ameshika usukani.

Jumamosi ile hakuja. Alikuja iliyofuata, akiwa na dada yake, wakamkuta mama anapima watoto wawili wa jirani, pini mdomoni, akawaonyesha kwa kichwa wakae.