Jina la Mwenye Wimbo

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake, kama chuma kilichotiwa chumvi. Nyumbani kwetu Kwaluguru, Handeni, zilikaa uani kwenye jamvi, pembeni ya makopa ya muhogo, na mimi niliye mkubwa wa watoto ndiye niliyefukuza kuku wasizidonoe. Baba alisema jua linazirudishia nguvu, na kweli zilirudi, nguvu za kutosha kipindi kimoja cha redio. Kipindi chenyewe kilikuwa cha Bwana Mbelwa, Jumapili alasiri. Siku hizo redio ilijaa nyimbo za ng'ambo na bendi za mijini, na sisi wa mashamba tulisikiliza mambo ya watu. Bwana Mbelwa ndiye aliyeanza kupiga ngoma za vijijini na magitaa ya vijana wa mashamba ya mkonge ya Korogwe. Wakubwa wake pale redioni walimcheka. Akaanzisha kampuni yake ndogo ya santuri, isiyo na mkubwa juu yake, na katikati ya kila santuri akabandika karatasi nyekundu yenye picha ya kinu. Hayo alifanya, sitamnyima. Nasema mapema ili mtu asidhani nimekuja kumtukana marehemu.

Mwaka aliokuja kwetu kurekodi, mahindi yalikubali. Uani kwetu walikutana wanawake watano kutwanga, vinu vitatu, na mama yangu ndiye aliyeanzisha wimbo. Niwaeleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotuuma. Kwetu wimbo wa kutwangia una mwenyewe, yule aliyeutunga, na mwenyewe hujitaja mwishoni. Hajitaji mwanzo. Mwanzo unga bado ni chenga, na kujitaja wakati huo ni kujisifia kazi ambayo hujaimaliza. Unga ukishalainika, anapiga mchi pigo moja la peke yake, anaimba jina lake na la baba yake, na wenzake wanaitikia, "Tumekusikia." Hapo wimbo umekuwa wake. Hata akiolewa mbali, hata akifa, anayeuimba lazima amalizie na jina lile. Mama hakuwa na shamba lake wala ng'ombe wake. Alikuwa na wimbo ule.

Bwana Mbelwa alifika na gari lililojaa vumbi na mashine yenye magurudumu mawili yanayozunguka. Baba alivaa kanzu ya Idi. Jirani yetu, Bi Tatu, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alimwambia mama, "Haya, mke wa redio, leo hata maji utatekewa." Mama akamjibu, "Shika mchi, Bi Tatu. Redio haitwangi."

Mgeni akaweka kipaza sauti karibu na kinu, akavaa vyake vya masikioni, akasema kwa adabu, "Mama, kabla ya kuanza tuambie jina lako, wasikilizaji wakujue."

Mama akachota mahindi, akayamimina. "Unga bado, bwana."

"Jina tu, mama."

"Nimekwambia unga bado. Likifika utalisikia."

Wanawake wakacheka, na yeye akacheka nao, nadhani alifikiri ni mzaha. Hakuuliza maana yake. Mtu aliyezunguka nchi nzima kukusanya nyimbo zetu hakuuliza.

Wakatwanga. Sijasikia tena sauti kama ile. Mama aliimba huku pumzi yake ikifuata mchi, na Bi Tatu, pamoja na mdomo wake, aliitikia vizuri kuliko wote. Mimi nilikaa karibu na mashine kwa sababu magurudumu yalinivutia. Yakazunguka, yakazunguka, kisha Bwana Mbelwa akabonyeza kitu, yakasimama. Akavua vya masikioni, akafuta jasho, akatikisa kichwa kwa furaha. Wanawake hawakumtazama. Waliendelea mpaka unga ukalainika, mama akapiga pigo la peke yake, akajitaja, yeye na baba yake, na wenzake wakaitikia. Nilimtazama mama, nikatazama magurudumu. Nilijua. Lakini tulilelewa kwamba mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, na mgeni ndiyo kabisa. Nikanyamaza.

Mama akaingia jikoni kumpikia mgeni kuku. Bwana Mbelwa akaniita, kalamu mkononi. "Mama yako anaitwa nani?"

Kutamka jina la mzazi kwetu kulikuwa utovu wa adabu, mtoto alipigwa kwa hilo. Nikasema, "Mama."

"Mama nani?"

"Mama Zaina." Zaina ni mimi. Akaandika, akanipapasa kichwa, akasema nina adabu.

Santuri ilipotoka, wimbo ulipigwa redioni Jumapili moja, lakini betri zilikufa katikati, na mama akaamini jina lake lilipita redio yetu ikiwa imezimika. Kwa hiyo alitaka kwenda Korogwe kulisikia. Tulipanda lori la mahindi, mimi na yeye, mpaka kwenye duka la familia ya Kihindi iliyouza santuri na vitambaa. Mwenye duka alimjua Bwana Mbelwa, akatukaribisha, akampa mama kiti. Alipoambiwa yeye ndiye mwimbaji, akamwita mkewe atoke nyuma aje kuona. Akaweka santuri. Mama alikaa ameshika magoti. Sauti yake ikajaa duka, wateja wakageuka, na nilimwona akijizuia kutabasamu. Kisha sauti ikafifia, ikaisha, na sindano ikabaki inakwaruza.

"Na kwingine?" mama akauliza.

Mwenye duka akageuza santuri. Upande wa pili walikuwa vijana na magitaa.

"Siyo huko. Kwangu, mwisho wake."

"Mwisho wake ndio huo, mama. Santuri ina dakika tatu tu."

Mama akanigeukia. Nilikuwa darasa la tatu. "Soma hapo kwenye karatasi." Nikasoma: Mama Zaina na Wenzake, Handeni. Chini yake, kwa herufi nene kuliko zote, Mbelwa.

Mama akasema, "Akina Mama Zaina wako wengi kutoka hapa mpaka Kerenge." Akamshukuru mwenye duka, tukatoka.

Kwenye lori aliniuliza, "Uliyaona magurudumu yamesimama?"

"Niliyaona."

"Ukanyamaza."

"Ulinifundisha nisiingilie wakubwa."

 Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Tangu siku hiyo alitwanga kimya. Bi Tatu alianzisha nyimbo zake, mama akafuata kwa mchi tu, mdomo umefungwa, mpaka msimu ukaisha, na misimu yote iliyofuata. Wimbo uliosikiwa na dunia nzima, yeye hakuuimba tena.

Sasa naishi Kilole, mjini Korogwe, na unga nanunua umeshasagwa. Mjukuu wangu alinitafutia wimbo kwenye simu, ukatoka, sauti ile ile, pumzi ile ile. Pameandikwa wimbo wa asili, Handeni, kutoka hazina ya Mbelwa. Hata Mama Zaina ameondoka. Mjukuu huyo huyo husikiliza nyimbo za vijana wanaojitaja kabla ngoma haijalia, wanataja jina, wanataja aliyewatengenezea, wanataja mtaa. Nilikuwa nawaona hawana haya. Siku hizi nawaona wana akili kuliko mama, na kusema hivyo kunanichoma.

Bwana Mbelwa alipofariki, redio moja iliandaa kipindi cha kumkumbuka, ikaniita. Binti aliyenihoji alikuwa na heshima, alinipa shikamoo na maji ya chupa. Niliongea yote haya, na nikavunja mwiko nilioushika maisha yangu yote: nikalitamka jina la mama yangu mbele ya mashine ya kunasa sauti. Kipindi kiliporushwa nilikaa karibu na redio kama baba. Walibakiza nilipomshukuru marehemu kwa kuupenda muziki wetu. "Bibi, muda ulikuwa mfupi," binti aliniambia kwenye simu. Namwamini. Muda kwetu umekuwa mfupi siku zote.

Sikusoma sana, lakini kuandika naweza, na karatasi haina dakika tatu. Nimengoja mpaka hapa kwa sababu mama asingekubali kutajwa mapema. Sasa unga umelainika. Wimbo ule ni wa Mwanamvua binti Semboja, wa Kwaluguru. Wale waliotwanga naye wamekufa wote, na aliyebaki kuitikia ni mimi, niliyenyamaza.